Kabla ya Kumeza Kinasa Sumu, Itaje Kwanza Sumu Yenyewe

Biashara ya kusafisha mwili imeshamiri Dodoma. Katika maduka ya virutubisho ya katikati ya jiji, kwenye vibanda vya tiba asili vilivyo pembezoni mwa masoko, na zaidi ya yote kwenye simu zetu, zinauzwa kapsuli za mkaa mweusi, unga laini wa udongo wa kijivu, vidonge vya mwani wa kijani na mchanganyiko wa nyuzinyuzi za mimea, vyote vikibeba ahadi moja kwamba vitanasa sumu iliyolundikana mwilini na kutoka nayo chooni. Katika makala hii nitaviita vinasa sumu. Wanaovinunua si watu wajinga. Wengi wao ni watu wanaoamka wamechoka kama walivyolala, waliokwenda zahanati wakaambiwa hawana malaria wala taifodi, wakarudi nyumbani na maumivu yaleyale ya kichwa na tumbo lilelile lililojaa gesi. Mtu wa namna hiyo akikutana na muuzaji anayemsikiliza kwa nusu saa na kumpa maelezo yanayoingia akilini, ni haki yake kuvutiwa.

Msimamo wangu ni kwamba vinasa sumu ni vitu vyenye kazi ya kweli katika tiba, lakini kazi hiyo ipo pale tu sumu inapojulikana kwa jina, inapojulikana imekaa wapi mwilini, na inapoweza kupimwa. Asiyeweza kuitaja sumu anayotaka kuitoa hana msingi wa kuamua kwamba kinasa sumu kitamfaa, na wala hana njia ya kutambua kwamba kimeanza kumdhuru.

Tuanze na namna vinavyofanya kazi, kwa sababu upotoshaji mwingi unaanzia hapo. Ini huzibadilisha kemikali nyingi zilizomo kwenye damu ziwe katika hali inayoweza kutolewa, kisha baadhi hupelekwa kwenye figo zitoke kwa mkojo na nyingine huingizwa kwenye nyongo na kumwagwa utumboni. Miongoni mwa kemikali hizo za kwenye nyongo, zipo ambazo hufyonzwa tena na utumbo na kurejea kwenye ini, na mzunguko huo huweza kujirudia kwa muda mrefu sana. Hapo ndipo kinasa sumu hupata nafasi. Chenyewe hakifyonzwi, hubaki ndani ya utumbo, hukamata kinachokatiza, na kutoka nacho kwa haja kubwa. Hakiingii kwenye damu, hakifiki kwenye ini, hakigusi mafuta ya mwili wala mifupa. Kwa hiyo tangazo linalosema kwamba kapsuli ya mkaa itasafisha damu limekosea tangu msingi, hata kama limeandikwa kwa lugha ya kitaalamu.

Ipo mifano miwili ya kimataifa inayoonyesha kinasa sumu kikifanya kazi yake vizuri. Mwaka 1975, katika mji wa Hopewell, jimbo la Virginia nchini Marekani, wafanyakazi wa kiwanda kilichokuwa kikitengeneza dawa ya wadudu iitwayo Kepone waligundulika kuwa wameathirika vibaya, wengine wakitetemeka mikono. Madaktari walichunguza na kubaini kwamba kemikali hiyo hutoka kwa njia ya nyongo lakini hufyonzwa tena utumboni. Wakawapa wagonjwa kolestiramini, dawa ambayo kwa kawaida hutumika kupunguza lehemu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yalionyesha kwamba muda ambao nusu ya kemikali hiyo huchukua kutoka kwenye damu ulipungua kutoka siku zipatazo 165 hadi takriban siku 80. Mfano wa pili ni wa Goiânia, Brazili, mwaka 1987, ambapo mashine ya mionzi iliyotelekezwa ilivunjwa na watu wakachafuliwa na madini ya mionzi aina ya sesiamu. Watu 46 walipewa rangi ya bluu ijulikanayo kwa jina la Prussian blue, ambayo hunasa sesiamu utumboni, na mwili ukaweza kuitoa haraka zaidi.

Katika matukio yote mawili sumu ilikuwa na jina, na kiasi chake kilipimwa kabla, wakati na baada ya tiba. Kinasa kilichaguliwa kwa sababu kinaifaa sumu ile na si nyingine, na mgonjwa alikuwa mikononi mwa watu wanaojua dalili za hatari. Linganisha na kile kinachouzwa kwetu. Muulize muuzaji ni sumu gani itakayotoka, naye atakutajia vyakula vya viwandani, moshi wa magari, mafuta ya kukaangia chipsi, dawa ulizowahi kumeza, msongo wa mawazo. Hayo yote yanaweza kuwa na madhara kwa afya, lakini hakuna hata moja kati yake linalokaa tumboni likisubiri kunaswa na mkaa. Hata pale sumu inapokuwa ya kweli, mahali ilipo huenda ni nje kabisa ya uwezo wa kinasa. Maji ya visima katika baadhi ya maeneo ya jirani zetu wa Singida yana madini mengi ya floridi, ambayo hukaa kwenye meno na mifupa. Hakuna kapsuli itakayoyafuata huko. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaochoma zebaki huivuta kama mvuke kupitia mapafu, na mkaa wa dawa haunasi metali kwa kiwango cha maana. Zipo dawa maalumu za kuondoa metali mwilini, lakini hizo hutolewa na daktari kwa kufuata majibu ya maabara, na zikitolewa ovyo zinaweza kuumiza figo au kumaliza madini ambayo mwili unayahitaji.

Kuna jambo moja katika biashara hii linalonitia hofu kuliko bei na kuliko maneno ya kwenye kopo. Ni ule usemi kwamba ukijisikia vibaya baada ya kuanza kutumia, basi sumu inatoka. Mtu akipata kichefuchefu anaambiwa ni dalili njema. Akikosa choo siku tatu anaambiwa mwili unajipanga, na akipata kizunguzungu anaongezewa kipimo. Fikra ya namna hii inafunga mlango wa mwisho wa usalama, maana tiba yoyote ile, iwe ya hospitali au ya asili, huhitaji mtu aweze kusema kwamba hii hainifai na niiache. Dalili ya madhara ikishageuzwa kuwa ushahidi wa mafanikio, mgonjwa hana tena sababu ya kusimama hadi pale atakapobebwa. Kukosa choo kunaweza kuwa dalili ya utumbo kuanza kuziba, na mkaa na udongo vyote vinaweza kuuziba, hasa kwa mtu asiyekunywa maji ya kutosha katika ukavu na joto la Oktoba tunalolijua hapa.

Mkaa una tatizo jingine la kipekee. Hufanya choo kiwe cheusi. Choo cheusi ni miongoni mwa dalili ambazo daktari huziuliza mapema anapohisi kuna damu inayovuja kwenye tumbo la juu, kwa mfano kutokana na vidonda vya tumbo, na baadhi ya wanaolalamika tumbo kujaa na kuwaka moto ndio haohao wenye vidonda. Mtu wa aina hiyo akimeza mkaa kila siku anaifunika dalili ambayo ingemwokoa.

Sasa niingie kwenye suala la dawa nyingine, ambalo naona ndilo linalopaswa kuamua kwa watu wengi. Wavu unaotupwa katika bwawa la Mtera hauchagui perege na kuacha kambare, hukamata kinachopita. Mkaa wa dawa ni hivyohivyo. Umetengenezwa kwa kupitishwa kwenye joto kali na mvuke au gesi hadi ukawa na vitundu vidogo mno, kiasi kwamba gramu moja tu ina eneo la uso linalofikia mamia ya mita za mraba. Eneo hilo hukamata dawa uliyoandikiwa na daktari kwa bidii ileile. Vidonge vya majira, dawa za moyo, dawa ya tezi ya shingo na nyingi za sonona vyote viko hatarini kunaswa kabla havijaingia kwenye damu. Mwanamke anayetumia vidonge vya majira na kujisafisha kwa mkaa anaweza kupata ujauzito asioupanga, na hatajua sababu.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuachanisha kwa saa: meza dawa zako kwanza, kisha subiri saa mbili au zaidi ndipo umeze kinasa. Ni ushauri mzuri kiasi, lakini hautoshi kwa kila dawa. Zipo dawa ambazo mkaa unaweza kuzivuta hata baada ya kuingia kwenye damu, kwa sababu huendelea kurudi utumboni. Miongoni mwake ni fenobabitoni na kabamazepini, dawa za kifafa, pamoja na kwinini na dapsoni. Madaktari hutumia sifa hiyo kwa makusudi pale mtu anapomeza dawa hizo kupita kiasi, kwa kumpa mkaa kwa kurudiarudia. Mgonjwa wa kifafa anayetumia fenobabitoni kutoka zahanati ya kijijini Bahi au Chamwino, akianza kumeza mkaa kila siku, anaweza kushusha kiwango cha dawa yake damuni na kuanguka, hata kama aliachanisha saa tatu. Kwake yeye na kwa wanaotumia kabamazepini, jibu langu ni kutotumia kabisa.

Kwa wanaotumia ARV hali ni nzito zaidi. Dawa iliyo kwenye mstari wa kwanza nchini inajumuisha dolutegravir, na inajulikana vyema kwamba dawa hiyo hushikamana na madini kama alumini na magnesi, ndiyo maana maelekezo husema imezwe saa mbili kabla ya dawa za kupunguza asidi zenye madini hayo, au saa sita baada yake. Udongo wa bentonaiti, ule unga wa kijivu unaouzwa kama kinasa sumu, umejaa alumini, na mara nyingi una magnesi. Kiwango cha dawa kikishuka mara kwa mara, virusi hupata nafasi ya kuongezeka na hata kujenga usugu. Mtu aliyejitahidi kwa miaka mingi kufikia hali ya virusi kutoonekana kwenye kipimo hapaswi kuiweka rehani kwa ajili ya unga ambao hata muuzaji wake hawezi kusema unatoa nini.

Chukua mfano wa mama wa makamo anayeishi Kikuyu au Nkuhungu, mwenye presha na kisukari, anayemeza aina nne za vidonge kwa siku, asubuhi na jioni. Ukijaribu kupanga saa zake, hutapata nafasi ya kuingiza kinasa sumu bila kugusana na dawa moja au nyingine. Mama huyu hahitaji ratiba ngumu zaidi. Anahitaji mtu ampime sukari, figo na wingi wa damu, kwa sababu uchovu anaousema huenda ni sukari isiyodhibitiwa, au upungufu wa damu, au figo zilizoanza kuchoka. Kwa familia zinazokunywa maziwa mabichi katika wilaya zetu za wafugaji, uchovu wa muda mrefu wenye homa za kuja na kuondoka unaweza pia kuwa bruselosi, ambayo ina kipimo na ina tiba. Kila wiki inayopotea kwa kujisafisha ni wiki ambayo ugonjwa wenye jina unaendelea bila kuguswa.

Udongo unastahili maneno yake peke yake, kwa kuwa hapa kwetu si kitu kigeni. Wajawazito wengi Tanzania hula vipande vya udongo vinavyouzwa sokoni kwa jina la pemba, wengine hula udongo wa kichuguu, na wauzaji wa bentonaiti huitumia mila hiyo kama ushahidi kwamba udongo ni salama. Ushahidi uliopo unaelekea upande mwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wajawazito wa maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita uliukuta udongo wanaokula ukiwa na metali zenye sumu, ikiwemo aseniki. Udongo wa viwandani nao hauna kinga. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ililazimika kuwaonya wananchi wake wasitumie bidhaa fulani za bentonaiti baada ya maabara kukuta kiwango kikubwa cha risasi ndani yake. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na humfikia akiwa bado tumboni. Mtu anayemeza udongo ili atoe sumu anaweza kuwa anaiongeza. Zaidi ya hayo, udongo hushika madini ya chuma, na mjamzito wa Dodoma anayepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki hana chuma cha kupoteza.

Baada ya kusema hayo yote, niseme wazi kwamba sisi wa mikoa ya kati tunayo sumu ya kweli, yenye jina, inayoua. Ni sumukuvu. Kati ya Mei na Novemba mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua ghafla kwa kutapika, kuharisha, tumbo kuvimba na macho kuwa ya manjano. Uchunguzi ulihesabu wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki dunia. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyoota kuvu wanaotoa sumukuvu, mahindi ya nyumbani yaliyolimwa, kuvunwa na kuhifadhiwa na familia zenyewe. Sumu hiyo haionekani kwa macho na haimalizwi na moto wa kusonga ugali. Ikiliwa kidogokidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, na hatari hiyo huongezeka mara nyingi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Kwa sumu hii, udongo una ushahidi wa heshima, na itakuwa dhuluma kuuficha. Wafugaji wa kuku wanajua kwamba viwanda vya vyakula vya mifugo huchanganya udongo maalumu ili unase sumukuvu kabla haijamfikia kuku. Kwa binadamu, watafiti waliwapa watu wa Ghana kapsuli za udongo wa aina hiyo, gramu moja na nusu au gramu tatu kwa siku kwa miezi mitatu, na alama za sumukuvu katika damu zao zikapungua. Lakini udongo ule ulikuwa umechaguliwa aina yake, umepimwa metali na uchafu mwingine, na washiriki walifuatiliwa kwa vipimo. Kutoka hapo kwenda kwenye mfuko wa unga wa kijivu usio na namba ya toleo ni safari ndefu. Kama siku moja serikali itaamua kugawa udongo uliothibitishwa katika vijiji vilivyokumbwa na mlipuko, nitaunga mkono, kwa sababu wakati wa dharura ambapo familia haina mahindi mengine, kupunguza sumu kwa sehemu ni bora kuliko kutofanya chochote.

Nje ya dharura hiyo, sumukuvu huzuiwa kwa njia rahisi na ya uhakika zaidi, shambani na ghalani. Mahindi yakianikwa juu ya turubai badala ya udongo mtupu, yakakaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa zikachambuliwa na kutupwa kabisa, na nafaka ikahifadhiwa katika mifuko isiyopitisha hewa au vihenge vya bati, sumu nyingi haitapata nafasi ya kutokea. Karanga zinahitaji uangalifu uleule, na labda zaidi, kwa kuwa tunazisaga na kuwapa watoto katika uji wa lishe bila kuzitazama punje moja moja. Kukoboa mahindi nako hupunguza sumukuvu, maana sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini. Najua hili linawaudhi wapenzi wa dona, nami ni mmoja wao. Dona ina virutubisho zaidi, lakini dona ya mahindi yasiyojulikana yalikokauka si chakula cha kujivunia. Viwango vyetu vinaruhusu jumla ya sumukuvu isiyozidi maikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi, na ile aina ya B1 isizidi 5. Kwa wanunuzi wakubwa wanaokusanya nafaka Kibaigwa, kuomba cheti cha kipimo ni jambo linalowezekana. Na chanjo ya homa ya ini B, ambayo watoto wetu hupata kliniki, inafanya kazi ya kulinda ini ambayo hakuna kapsuli ya mkaa inayoweza kuifanya.

Liko pia suala la ajali, na hapa naomba msomaji aniamini bila kusita. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi anayepiga dawa bila vifaa vya kujikinga, kisha akaanza kutokwa na mate mengi, jasho, machozi na kubanwa kifua, ni mgonjwa wa dharura. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa maji na sabuni huku mkijikinga mikono, na mpelekeni hospitali. Msimpe mkaa nyumbani. Dawa nyingi za wadudu hupenya kwenye ngozi, hivyo mkaa wa tumboni hauzifuati, na mgonjwa anayepoteza fahamu akitapika anaweza kuuvuta mkaa kwenye mapafu. Hata hospitalini manufaa yake yana mipaka. Utafiti mkubwa uliofanyika Sri Lanka kwa watu 4,632 waliomeza sumu, wengi kwa dawa za wadudu au mbegu zenye sumu, matokeo yake yakichapishwa mwaka 2008, haukuona tofauti ya vifo kati ya waliopewa mkaa kwa kurudiarudia, waliopewa mara moja na wasiopewa kabisa. Kwa kawaida mkaa husaidia zaidi ukitolewa ndani ya saa moja tangu sumu imezwe, na kipimo cha mtu mzima hospitalini huwa kama gramu 50, yaani sawa na kapsuli 100 za nusu gramu. Kwa hiyo kopo la kabatini si akiba ya dharura. Mkaa haunasi pombe, haunasi chuma, na kwa aliyemeza mafuta ya taa au tindikali haupaswi kutumika. Kusaga mkaa wa kupikia na kuukoroga kwenye maji ni kosa zaidi, maana haujaandaliwa kuwa dawa na huja na mchanga, majivu na masalia mengine.

Je, yupo anayeweza kutumia kinasa sumu kwa usalama wa kuridhisha? Yupo. Mtu mzima asiye na ujauzito wala kunyonyesha, asiyetumia dawa yoyote ya kila siku, asiye na vidonda vya tumbo wala historia ya upasuaji wa utumbo au ugonjwa wa figo, akimeza kapsuli za mkaa kwa siku mbili au tatu kwa ajili ya gesi, akinywa maji mengi, hatarajiwi kudhurika. Nyuzinyuzi za mimea, kama zile za maganda ya mbegu za isapgoli zinazouzwa famasi, zina usalama zaidi na zinasaidia choo, mradi zikorogwe kwenye maji ya kutosha ili zisikwame kooni. Klorela ni mwani. Una vitamini K kwa wingi, hivyo anayetumia dawa ya kuyeyusha damu ya warfarini asiuguse kabla ya kuzungumza na daktari wake. Kolestiramini ni dawa ya kuandikiwa, na ikitumika muda mrefu hupunguza ufyonzwaji wa vitamini A, D, E na K. Mtoto asipewe chochote kati ya hivi kwa nia ya kumsafisha. Tumbo likiuma kwa nguvu, mtu akitapika, au akikosa choo kwa siku mbili au zaidi, aache na aende kituo cha afya akiwa na kopo mkononi.

Kinachonisumbua katika ngazi ya utawala ni kwamba mnunuzi hapewi nafasi ya kuamua kwa haki. Tangu mwaka 2019, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, ilipobaki na dawa na vifaa tiba huku usimamizi wa chakula na vipodozi ukihamia Shirika la Viwango Tanzania, bidhaa zinazosimama katikati ya chakula na dawa zimempa muuzaji mjanja nafasi ya kujificha: kwa mteja anasema ni dawa, kwa mkaguzi anasema ni chakula. Kwa upande mwingine lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, nalo lina bidhaa zake. TMDA ina makao makuu yake hapahapa Dodoma, kwa hiyo si jambo la mbali kuomba taasisi hizi tatu zikae na kutoa sharti moja la pamoja kwa kila kinasa sumu kinachouzwa nchini. Lebo iwe ya Kiswahili, iandike ni sumu gani inayonaswa na kwa ushahidi upi, itaje matokeo ya kipimo cha risasi na aseniki kwa kila toleo, iorodheshe dawa zisizopaswa kutumika pamoja nacho, na ieleze ni baada ya siku ngapi mtumiaji anapaswa kusimama. Bidhaa isiyoweza kujaza nafasi ya kwanza, ile ya jina la sumu, isiruhusiwe kuandika neno sumu popote kwenye kopo lake.

Wakati sharti hilo halijawekwa, mfamasia anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mwenye nia ya kuanza kinasa sumu aweke kwenye mfuko mmoja dawa zake zote, za hospitali na za asili, pamoja na kopo analotaka kununua, ampelekee mfamasia aliyesajiliwa, na amuulize mambo mawili: hiki kinanasa nini, na katika hivi nilivyonavyo kitanasa kipi kwanza.